Dawa ya Bati Niliyomnyima Waya

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ndogo ya utafiti mjini Homa Bay, Mkuu wa Maabara alinipa glavu jozi mbili nizivae moja juu ya nyingine. "Hii kitu ikikuingia kwa ngozi usinililie," akasema. Nikamuuliza, kama inaumiza ngozi, itatibu nini? Akanitazama juu ya miwani. "Wewe tutakuita Maswali."

Jina likanikaa. Nimeshaiacha kazi hiyo, na sijazeeka, nimechoka tu. Lakini nyinyi mnaoingia maabara sasa mnaniuliza tulifanyaje, basi nieleze.

Tulitengeneza misombo ya bati, ile metali inayopakwa makopo ya vyakula, ikiwa imefungwa kwenye kaboni. Zamani misombo ya namna hiyo ilitiwa katika rangi za meli ili viumbe vya baharini kama kome visishike ubavuni. Kinachoua kome, watafiti waliwaza, huenda kikaua na seli za saratani. Shida ni kwamba hakichagui. Ndiyo maana tukaifunga bati kwenye polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli, tukitumaini itatoka polepole na kuzipunguzia figo mzigo. Polima nyingi zilikataa kuyeyuka. Unakoroga wiki nzima, unachuja, unakausha, kisha unga unatua chini ya chupa kama mchanga.

Zilizoyeyuka tuliziweka kwenye sahani ya plastiki yenye visima vidogo. Safu moja ilikuwa na seli za saratani, na ya pili seli zenye afya, ili tulinganishe. Alasiri moja safu ya kwanza ilikufa yote. Mkuu akapiga meza kwa kiganja. Nikamsogezea safu ya pili. Nayo ilikuwa imekufa.

"Hiyo tutarekebisha," akasema. "Leo niache nifurahi kidogo, Maswali."

Jumapili, kwenye harambee ya kanisa, alisimama akasema tumepata kitu kinachoua saratani kwenye sahani. Watu walisikia "kinachoua saratani"; sahani waliiacha pale pale. Jioni Waya akanipigia simu. Waya, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, ni dada ya baba yangu, anaishi Suna, huko Migori. Alikuwa amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, akapangiwa matibabu ya mionzi. Sasa aliniambia ameyaahirisha. Anangoja dawa yangu.

Kesho yake nilikuwa Migori. Nilimkuta akichambua omena, dagaa wa ziwani.

"Nyathina, mwanangu, umekuja nayo?"

"Hapana, Waya. Na sitaileta."

"Umesoma mpaka ukawa mchoyo?"

Nikamweleza safu ya kwanza, kisha ya pili. Hakuinua macho.

"Kwa hivyo mnachoma nyumba, halafu mnasema mwizi ameshikwa."

"Ndiyo hivyo."

"Na watu wakapiga makofi."

"Walipiga."

Akasukuma ungo kando. "Nikienda kwa hiyo mionzi, nitapona?"

"Sijui, Waya. Lakini ukingoja yetu, najua."

Tulienda pamoja hospitali ya rufaa. Muuguzi alipotundika dripu ya dawa inayoenda pamoja na mionzi, Waya akauliza ina nini. Akaambiwa ni dawa yenye platini, metali fulani. Ndiyo sababu alitanguliziwa maji mengi, kulinda figo.

Waya akanigeukia. "Si hii pia ni chuma? Tofauti iko wapi?"

"Hii imeulizwa maswali miaka mingi."

"Na yenu?"

"Bado."

Niliacha kazi muda mfupi baadaye. Sikugombana na mtu. Nilichoka kuwa yule anayesogeza safu ya pili, ingawa bado naamini lazima mtu aisogeze. Mkuu hunipigia mara moja moja. "Maswali, safu moja imekufa."

"Na ya pili?"

"Hiyo tutarekebisha," hujibu. Safari moja Waya, ambaye bado anahudhuria kliniki, alikuwa kando yangu akisikia yote.

"Mwambie ajaribu tena," akasema. "Lakini kanisani asiende kwanza."