Samaki wa Mlango wa Mama Mkwe

Nyumba niliyoolewa hapa Bagamoyo ina mlango wa kuchongwa, na chini ya miimo yake, kulia na kushoto, kuna samaki wenye magamba. Mama mkwe alinionyesha samaki hao hata hina haijanitoka mikononi. "Hawa ni uzazi, mwanangu. Wapake mafuta ya nazi kila Ijumaa, nyumba itajaa watoto."

Nikapaka. Mtume, nilipaka mimi! Nimepiga magoti mbele ya ubao, nyuma yangu mtembeza watalii anawaeleza wageni kwamba samaki ni dua ya watoto wengi. Wageni wananitazama tumbo. Nilitamani kuwamwagia mafuta yale.

Siku moja mama mmoja wa Kichina akasema kwao samaki huchorwa ili mali isikauke ndani. Mtembeza watalii akadakia kwamba Wakristo wa kale walimchora kama alama ya imani yao. Kumbe! Kote huko samaki kapewa kazi za heshima, huku kwetu kapewa kunisimanga mimi.

Nikaenda kupimwa. Daktari akasema sina tatizo, mume wangu naye aje. Nilipolifikisha neno hilo nyumbani, mama mkwe aliruka. "Mwanangu apimwe kwa lipi? Mgumba ni wewe! Hata samaki unawapaka kwa kinyongo." Mume wangu alikuwa anakula pale pale. Hakuinua uso. Hilo liliniuma kuliko tusi lenyewe.

Akaletwa mke mwenzangu, binti kutoka Saadani, na chupa ya mafuta ikahamia kwake. Nilimchukia, sifichi. Kila mwezi nilimchungulia kama anatapika. Hakutapika. Mwaka ukapita, na wa pili, nami nikingoja siku atakayoitwa mgumba kama nilivyoitwa.

Asubuhi moja nikamkuta fundi kachuchumaa mlangoni na patasi, mama mkwe kamsimamia. "Samaki hawa wamechakaa, fundi, wameliwa na chumvi. Ndiyo maana hawafanyi kazi. Nichongee wapya."

Loo! Kwangu mimi, tumbo lilikuwa bovu. Kwa mwenzangu, ubao ndio mbovu. Yaani hata mti ulaumiwe, lakini si mwanawe! Mke mwenzangu akanitazama, nikamtazama. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma.

Mume wetu akatoka ndani, kavaa vizuri, anakwenda kazini. Akawaangalia wale samaki kidogo.

"Wachonge wakubwa zaidi, fundi," akasema.