Mashine ya Baba Mdogo na Saruji ya Kaburi

Baba mdogo wangu alikuwa na cheo serikalini na nyumba Ibanda, karibu na ziwa, ambamo sisi pia tuliishi. Mashine yake ya kufulia, ya bei kali kutoka Ulaya, aliiweka sebuleni chini ya kitambaa cha maua, ili kila mgeni aione. Bomba la nyumba ile lilikuwa likidondosha tu, kwa hiyo mama yangu alipanda na ndoo kutoka ziwani, akamimina maji ndani ya mashine. Maji na mchanga wake.

Baba yangu alipofariki, mashine nayo ilikuwa imekufa. Watu walileta michango ya matanga. Shangazi kutoka Idjwi alileta mbuzi, tukamuuza. Tulikubaliana mbele ya wote kwamba pesa hizo ni za saruji ya kaburi, lijengwe kabla ya kuondoa matanga. Baba mdogo, mkubwa wa ukoo sasa, ndiye aliyezishika.

Siku moja tulimkuta fundi sebuleni, ameitoa pampu iliyojaa mchanga. Pampu mpya ingekuja kwa ndege hadi Kavumu, kwa bei ya ng'ombe wawili. Kitu chenyewe kingeingia mfukoni mwa koti. Baba mdogo alilipa kwa pesa za matanga, palepale, machoni petu.

"Na saruji, Papa?" mama akauliza.

"Mama, kaburi itakimbilia wapi? Iko pale pale. Lakini bageni bakikuta nappe chafu ku meza, haya itakuwa ya nani?"

"Ile kitambaa ya meza nitafua na mikono. Mikono yangu haiombake pampu, haiombake piesi ya Ulaya."

"Ndiyo maana mutabakia banakijiji hata mukikaa Ibanda!"

Fundi akacheka naye.

Siku ya kuondoa matanga, vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe kweli. Baba mdogo akaiwasha mashine wageni waisikie ikinguruma, na mama yangu, mjane, kitambaa cheusi kichwani, ndiye aliyeimiminia maji. Watu walipiga makofi. Makofi, kwenye matanga.

Kisha ukafika wakati wa kufua nguo za marehemu kabla ya kuzigawa. Baba mdogo akanyoosha mkono.

"Leta hapa, Mama. Itafua yenyewe."

Mama alizikumbatia nguo zile, akashuka nazo ziwani. Nilimfuata. Alifua shati la baba polepole, kola mara mbili. Halafu tukajaza mawe ndoo ile ile, tukayapeleka makaburini, kwa sababu udongo wa kaburi la baba ulikuwa umeanza kuzama.