Ngege wa Siku Waliyokuja Kutugawa

Nakumbuka siku waliyokuja kutugawa, na waliokuwepo nawakumbuka wote: baba mkubwa kutoka Masaka, shangazi kutoka Kawempe, wadogo zangu Kizito na Namata, jirani yetu Mama Zubeda, mke wa askari wa kutoka Arua, na mimi, mkubwa wa yatima, niliyeacha shule ili nibebe makreti ya samaki mwaloni, wanakoshusha wavuvi, Luzira.

Ukoo ulikuwa umeamua, mwanangu. Kijana wa miaka kumi na saba hawezi kulisha watoto, walisema. Wageni wangekula kwetu Nakawa mchana, kisha Kizito aende Masaka na Namata aende Kawempe.

Asubuhi hiyo mwaloni walinipa samaki wawili wabichi aina ya ngege, macho bado maangavu. Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani mgeni wa heshima hupewa samaki wa kukaangwa, na chini ya utawala ule wa wanajeshi mafuta ya kupikia hayakuonekana dukani, yalipatikana kwa magendo tu. Nikachukua pasi ya makaa ya marehemu baba, nikambadilishia mlanguzi kwa chupa moja ya mafuta. Nilipoyamimina kikaangoni yalitoa povu na kunuka mafuta ya taa. Samaki wa kwanza hata paka alimkataa.

Nikakaa mlangoni. Mama Zubeda alikuwa akianika nguo. Nilikuwa nimewakataza wadogo zangu hata kumsalimia, kwa kuwa sare ya mumewe ilitutisha. Alinusa, akacheka.

"Kijana, we nakaanga taa?"

"Mafuta mabovu, mama. Na wageni wako njiani."

"Hawa watoto, matoke nani napikia kila siku?"

"Mimi."

"Na mafuta gani?"

"Mvuke tu, mama. Kwenye majani."

"Sasa samaki imekosa nini?"

Nikamchukua ngege aliyebaki. Akaniletea chungu chake cha udongo, akakaa kwenye kigoda, wala hakugusa kitu. Mikono ilikuwa yangu. Nilipara magamba, nikapasua tumbo.

"Polepole hapo. Nyongo ikipasuka, wageni nakula dawa ya malaria."

Nikampaka ngege chumvi na ndimu. Chini ya chungu nilipanga vikonyo vya majani ya mgomba, nikatia maji yasiyofika juu yake. Juu ya vikonyo nikatandika jani, kisha nyanya, kitunguu, na samaki. Nikafunika kwa jani jingine na kuacha makaa kidogo tu. Nilipotaka kufunua alinipiga kofi mkononi. "Ngoja jani ibadilike rangi. Usimgeuze, usimkoroge." Akaondoka kabla wageni hawajafika.

Baba mkubwa alikula hadi kichwa cha ngege, kisha akaramba vidole.

"Mafuta umeyapata wapi siku hizi?"

"Hamna mafuta humo, baba."

"Na mwanamke aliyepika yuko wapi?"

Shangazi alikwisha kuinua pazia la chumba kumtafuta. Namata akacheka mpaka akapaliwa. "Ni kaka," alisema. "Hata matoke anapika yeye."

Baba mkubwa alinitazama mikono, ikiwa bado ina magamba. Akawaangalia wadogo zangu walivyokuwa wakifuta sahani. Jioni aliondoka Nakawa na mkoba wake tu, na shangazi akamfuata mikono mitupu. Kizito alinibeba mgongoni, akanizungusha uani kama mshindi wa mpira, ingawa nilimzidi uzito.

Basi sikiliza, mwanangu. Samaki mbichi hahitaji mengi: chumvi, ndimu, nyanya, moto mdogo na subira yako. Mvuke humwacha na ladha yake, na tumbo lako hulala salama. Usiuze kitu cha baba yako kununua fahari ya siku moja kabla hujatazama unachojua tayari kukifanya. Na jirani umpime kwa matendo yake mwenyewe, si kwa sare iliyoanikwa kwenye kamba yake.

Mungu akupe jiko lisilozima, na watu wako wakae pamoja kulizunguka.

Serikali ile ilipoanguka, Mama Zubeda na wanawe walikimbilia kwao Arua, kaskazini, usiku mmoja kwa hofu ya kisasi, na sikumwona tena. Chungu chake ninacho hadi leo. Kina ufa mdogo ukingoni, lakini mvuke hakipotezi. Nilikiazima kwa mchana mmoja tu, nikachelewa kukirudisha, na mwenyewe hakuwahi kuonja ngege wangu.