Jino Lililovuka Paa

Jumapili iliyopita mjukuu wangu aling'oka jino la mbele akila muhindi wa kuchoma kwenye baraza la mama yake kule Igoma. Hakulia. Alilitema kiganjani, akaliosha bombani, akaenda kuliweka chini ya mto. Nikamuuliza anafanya nini. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni stendi, kwamba usiku atakuja malaika mdogo mwenye mabawa, atachukua jino na kuacha hela. Ameona kwenye katuni, na mwalimu wake amesema ni kweli. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa kumzaa, akaninong'oneza, "Baba, mwache tu. Sarafu ninayo."

Nilichoka kabisa. Sina ugomvi na malaika. Nilitaka tu kujua anayapeleka wapi meno yote hayo, na anayafanyia nini, na hakuna aliyeweza kunijibu. Panya, tuliyemtupia meno yetu utotoni, alikuwa na maelezo. Meno yake ni magumu na hayaachi kuota. Hilo nimelisoma baadaye vitabuni na nimekuta wazee hawakukosea. Tena alikaa kwetu, juu ya vichwa vyetu, tukimsikia akikimbia. Tulibadilishana na jirani tunayemfahamu.

Kama ulikulia Kirumba kwetu, upande wa milimani, unaujua utaratibu. Jino hutupwa juu ya bati asubuhi, kabla ya kula chochote, na mwenye jino mwenyewe, huku akimwambia panya achukue la zamani alete jipya. Likibaki juu, kazi imekwisha. Likiteleza likarudi uani, unarudia. Likivuka paa likaangukia upande wa pili, hapo bibi yangu hakuwa na mzaha: jino limekwenda kwa wenyewe, na jipya litaota kwenye mdomo wa mtoto wa huko.

Mimi nilikuwa nimeng'oka la juu, la katikati, na shuleni nilishapewa jina la Kibogoyo. Watoto wakubwa waliniambia kuna watu huzeeka na jina hilo. Kwa hiyo asubuhi ya kulitupa niliwahi uani, jino mkononi.

Nyumba yetu ilibanwa katikati ya majabali, na bati lake lilikuwa na mteremko mkali. Nilitupa, likagonga bati, likateleza, likarudi. Nikatupa tena, likarudi tena, safari hii mbele ya kuku, ambaye bibi alimfukuza kwa ufagio huku akinisema mimi badala ya kuku. Aliniuliza kama namtupia panya au namlisha mtetea. Mara ya tatu nikatupa kwa nguvu zangu zote. Hatukusikia bati.

Tulichosikia ni sauti ya jirani wa nyuma. Mama huyu aliuza dagaa soko la Mwaloni, na aliwaanika juu ya jabali pana lililokuwa mgongoni mwa nyumba yetu.

"Nani ananirushia mawe kwenye dagaa?"

Bibi alijifunga kanga vizuri, akanishika mkono, tukazunguka. Jirani alimwamkia shikamoo kwanza, maana hasira haikuondoa adabu. Bibi akaitikia marahaba, kisha akamweleza kwamba halikuwa jiwe.

"Jino la mtu?" Jirani alishika kiuno. "Mama, hawa nawapeleka sokoni leo. Mteja akiling'ata nimwambie ni samaki gani?"

"Na mimi nifanyeje? Mwanao ana pengo, mjukuu wangu ana pengo. Likiota kwako nije kulidai?"

Jirani aliinama akaanza kuchambua, akilalamika bila kupumzika, na wanawake wa nyumba za jirani, waliokuja kusikiliza ugomvi, wakajikuta nao wameinama. Sijui kama umewahi kutafuta kitu kidogo cheupe katikati ya dagaa. Kila kitu kinang'aa. Jua lilipanda, harufu ikapanda nalo, nzi wakaja, na juu ya jabali jingine ndege korongo walisimama wakitutazama kama wakaguzi. Nilijaribu kusema labda tuache. Bibi alinitazama, nikaendelea kuchambua.

Hatimaye jirani akasema, "Hili hapa." Bibi alilipangusa kwa kanga, akalikodolea macho yake yaliyokuwa yameanza kufifia, akanikabidhi. Jino langu lilikuwa na doa jeusi ubavuni. Hiki kitu hakikuwa na doa. Nilifungua mdomo kusema.

"Funga mdomo," jirani akaniwahi, "nzi wataingia pengoni."

Nikafunga. Bibi alinipandisha juu ya pipa la maji, nikatupa kutoka pale, kikagonga bati na kubaki. Jirani alikusanya dagaa wake akaenda sokoni amechelewa, akinung'unika njia nzima. Jino liliota. Limepinda kidogo mpaka leo, na bibi alishikilia mpaka mwisho wake kwamba ni kwa sababu lilipitia kwa watu.

Hayo yote nilimsimulia mjukuu wangu Jumapili ileile. Alifikiri, akaamua: hili la panya, linalofuata la malaika. Nikakubali, maana sikuwa na nguvu za kujadiliana zaidi.

Jumatatu asubuhi tulitoka nje. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumba ya binti yangu haina paa la kuonekana. Limefichwa nyuma ya ukuta, kama ilivyo mitindo ya sasa. Binti yangu alisema jino litaziba mfereji wa maji. Mtoto akauliza panya wetu anakaa wapi, na mama yake akamjibu kwa fahari kwamba hatuna panya, fundi alikuja kupuliza dawa. Nikamwambia mtoto atupe tu.

Ana mkono wenye nguvu. Jino lilipita juu ya nyumba nzima, likavuka na uzio wenye nyaya, likaangukia kwa jirani. Nikasimama kusikiliza. Nilishaanza kupanga maneno ya kuombea radhi. Nilimuuliza binti yangu nani anakaa upande ule, akasema hamjui, analijua gari lake tu.

"Babu, twende tukanywe chai," mtoto akasema. "Unasubiri nini?"

Nikamwambia nasubiri mtu atugombeze.