Kasiksi Ambayo Sikuionja

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mwanamume aliyevaa suti ya abakosti alisimama uani kwetu, mtaa wa Kadutu, majirani wamejaa hadi njiani, akamuuliza bibi yangu: "Citoyenne Profesa, ile kasiksi ya ndugu yangu, mulionja ao hamukuonja?"

Ndugu yake, Mugisho, alikuwa amezikwa juzi. Bibi yangu, niliyemwita Koko, alifundisha chuoni, na ndiye aliyemwongoza Mugisho kuandika memwari yake ya kumaliza masomo. Wanafunzi walimjia nyumbani na makaratasi yao, naye akiyasoma huku maharage yanachemka. Maneno laini hakuwa nayo; sura iliyopwaya aliirudisha. "Hii chapitre iko sombe bila chumvi. Enda urudilie." Na walirudi, kwa sababu alikaa nao mpaka sentensi ya mwisho, na asiye na chakula alikula kwake.

Kwetu, anayempa mgeni kasiksi, pombe yetu ya ndizi, huionja kwanza mbele yake, ili ajue haina karuho, sumu ya polepole inayosingiziwa kila tumbo linalovimba. Koko hakuamini karuho. Alisema ni amibe tu, vijidudu vya maji machafu. "Lakini uonje," aliniambia. "Mugeni asikunywe na woga kwangu." Kazi ya kuonja ikawa yangu.

Wiki tatu kabla ya maziko, Mugisho alikuja kuchukua karatasi zake. Macho yake yalikuwa ya manjano. Niliona, sikujua maana yake. Nilipoinua kikombe nionje, akacheka: "Polepole, we mulevi kidogo. Utaniachia?"

Hasira zangu, ambazo ninazo hadi leo, zikanipanda. Nikakitua kikombe mbele yake bila kuonja, kasiksi ikamwagika mezani, nikatoka. Alikunywa. Koko aliona yote, akaniambia tu kwamba nimemtukana mgeni.

Kisha tumbo la Mugisho likavimba, akafa kabla ya kuitetea memwari yake.

Sasa swali lilikuwa pale uani. Koko angeweza kusema imeonjwa, na nani angembishia? Mimi nilikuwa nyuma ya kitenge chake, jibu ninalo.

"Hapana," akasema. "Haikuonjwa."

Hakusema nani alitakiwa kuonja. Aliniachia nafasi nijisemee mwenyewe. Sikusema.

Baada ya hapo hakuna mwanafunzi aliyekunywa hata maji kwetu. Chuo kikawagawa wanafunzi wake kwa waongozaji wengine, bila barua, bila neno. Koko aliendelea kupika maharage ya watu wanane, tukala wawili, siku tatu mfululizo, yale yale. Kanisani benchi letu likabaki letu peke yetu. Mimi nilipigana shuleni kila walipomwita mchawi, mpaka nikafukuzwa. Masomo yaliyobaki nilijisomea kwenye vitabu vyake. Alikufa miaka minne baadaye, na waliokuja kumzika ningeweza kuwalisha kwa sufuria moja ndogo.

Nikiwa mtu mzima, yule wa abakosti alinikuta sokoni, akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba Mugisho alikuwa mgonjwa tangu likizo, aliporudi kutoka Kamituga alikokwenda kuchimba dhahabu. Daktari alishawaambia ni ini. Walijua kabla ya siku ile ya uani.

"Tulikuwa na uchungu, maman," akasema. "Tuiache tu."

Nimejaribu kuiacha. Siwezi. Miaka mingi nilidhani mila ndiyo iliyomwua Koko. Si kweli. Mila ilitaka tu mgeni anywe bila woga. Tulimwua sisi tulionyamaza, wewe wa abakosti na ugonjwa wa ndugu yako uliouficha, mimi na kiburi changu, na katika ua mzima ni yeye peke yake aliyesema kweli.

Yangu nimeiandika hapa, na Jumapili nitaisema kwa mdomo mbele ya kanisa. Wewe una deni la sentensi moja. Uje uiseme hapohapo, kwa sauti, wale majirani wakisikia.