Kanuni Nyuma ya Kabati

Mtunza maabara wa shule yetu tulimwita Mama Funguo, naye hakununa. Kwa miaka kumi na minane alifuta vumbi kwenye chupa ambazo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzigusa. Vyombo vilikuwa vya wakaguzi. Wakija, wavikute vinang'aa. Wanafunzi walichungulia dirishani, wakarudi darasani kukariri.

Bingwa wa kukariri alikuwa binti wa kaka yake Mama Funguo, tuliyemwita Kasuku. Hata ungemwamsha usingizini angekuimbia: asidi humiminwa kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi. Mtihani aliupasua.

Alipomaliza shule akapata kazi kwenye karakana ya betri za magari. Wiki ya pili, kwa haraka, alinyanyua dumu la maji akamimina ndani ya asidi. Ilichemka papo hapo, ikamrukia. Jicho la kushoto likapofuka.

Hospitalini alimwambia Mama Funguo, "Shangazi, kanuni niliijua. Mdomo uliijua. Mikono ndiyo haikufundishwa."

Tangu siku hiyo, ndugu zangu, kila alipofungua maabara, mama yule alisikia kanuni ile ikiimbwa nyuma ya kabati, kwa sauti ya mtoto wa shule. Akaongeza kufuli ya pili.

Kisha akaja mwalimu mpya wa kemia, akaomba funguo. Mara ya kwanza akaambiwa bika, vile vikombe vya kioo vya kupimia, zina nyufa. Mara ya pili, asidi imekwisha. Mwalimu akamtania kwamba hata sahani za wageni kuna siku hutoka kabatini. Mama Funguo hakucheka. Aliogopa jicho jingine.

Jumapili akaenda kumuuliza Kasuku mwenyewe kama afungue. Kasuku alikuwa akianua nguo. Alimgeuzia upande unaoona.

"Ulifunga, Shangazi. Na bado niliungua."

Kesho yake kufuli zote mbili zilifunguliwa. Mwalimu aligawa miwani ya kukinga macho, akapima asidi kidogo tu. Msichana wa kwanza akaitiririsha kwenye maji taratibu, kisha akagusa bika kwa nje. Mkono ukaruka.

"Kumbe inapata joto," akasema kwa kunong'ona, kama aliyegundua kuna mtu ndani.

Wakapokezana kugusa. Bika moja ilivunjika. Mama Funguo akafagia vipande, hakugomba.

Sauti ile haijaondoka. Anaisikia mpaka leo. Ila jioni hiyo alimwachia mwalimu funguo zote, akatembea kwenda nyumbani huku mfuko wake, kwa mara ya kwanza, haulii.