Kissa Anautafuta Ufa

Saa tatu asubuhi, Kissa Mwakibete amepiga magoti mbele ya kreti la mbao katika karakana moja pembezoni mwa Guangzhou, China. Amefumba macho. Anapitisha kidole juu ya msalaba uliochongwa, polepole, kama mama anayempapasa mtoto aliyeanguka.

Anatafuta ufa. Haupo.

"Mungu wangu," anasema. "Wameuziba."

Haya, kitendawili: kitu gani kikitengenezwa ndiyo kimeharibika? Usijisumbue, jibu liko ndani ya kreti. Ni nakala ya jiwe la Wapikti, watu walioishi kaskazini mwa Uskoti zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Watawa wao walilichonga. Monasteri ikaungua, jiwe likavunjwa, na wanaakiolojia wakafukua vipande na kuviunganisha kimoja kimoja.

Jumba dogo la makumbusho huko limeagiza nakala ili watoto na wasioona waiguse, maana jiwe lenyewe haliguswi. Ufa ndio unaowasimulia yaliyowapata watawa.

Kissa, 47, mzaliwa wa Tukuyu, amekagua mizigo hapa kwa miaka kumi na miwili. Hulipwa yuani mia tatu kwa siku, na kazi yake ni kukataa chenye ufa: beseni, kioo, sahani.

Ndiyo maana laoban, mwenye karakana, haelewi.

"Dada, fundi amekuzibia bure!" anamwambia kwa Kichina. "Miaka yote unanirudishia vyenye ufa. Leo unautaka?"

"Leo nautaka."

"Mteja gani huyo, ananunua kibovu?"

Kissa hacheki. Leo ni Jumatano. Kreti linatakiwa bandarini Huangpu Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Mafundi wamejaribu kuchokoa, kingo zikaanza kumeguka. Kumimina nakala nyingine na kuiacha ikauke ni karibu siku mbili. Na mwajiri wake alishamwonya: mzigo mwingine ukikosa meli, hamwandikii barua ya kibali cha kuishi. Kibali kinaisha mwezi ujao.

Fomu ya ukaguzi iko mapajani. Akitia saini, jiwe linaondoka leo hii, na yeye anabaki salama.

"Saini, dada Kissa," anasema Protas, dereva kutoka Songea anayesubiri kupakia. "Nani atalia eti jiwe lake zima? Juzi umekataa mabeseni arobaini kwa mkwaruzo. Leo unalilia ubovu. Umelogwa?"

"Niache, Protas."

Anaeleza kwamba mwanaakiolojia mmoja alimpigia simu ya video, akamwonyesha vigingi vya mifupa. Watawa walivitumia kuwamba ngozi za ndama, wakapata kurasa za vitabu. Vitabu vimepotea, vigingi vipo.

"Nilicheka," anasema. "Baba yangu aliwamba ngozi za ndama hivyo hivyo, uani kwetu. Nikasema, kumbe hawa watu nawajua. Sasa niwatilie saini ya uongo?"

Anaikunja fomu. "Laoban, mimina nyingine."

"Mei wenti," anajibu laoban. Maana yake hakuna shida. Kissa ameyasikia maneno hayo mara nyingi sana. Yakitamkwa tu, anajua shida inakuja.

Kalibu wanamomiminia bado ina ufa wake, kwa hiyo wanamimina upya mchana uleule. Alhamisi Kissa anashinda kwenye kiti cha plastiki. Anainuka, anagusa ukingo, unanata, anakaa. Simu ya mwajiri inaita. Anaitazama mpaka inyamaze.

"Nikipokea, sauti yangu itamwambia kwamba mzigo haujaondoka," anasema.

Ijumaa saa mbili asubuhi, kalibu inafunguliwa. Kissa anafumba macho, anapeleka kidole. Kinashuka, kinakwama, kinaendelea. Anatia saini akiwa bado amepiga magoti.

Protas anakaza kamba kwenye lori. "Barabara ya Huangpu imejaa, siahidi kitu."

"Usiahidi. Endesha."

"Na ukikosa kibali?"

"Nitarudi Tukuyu na nauli ya Uskoti nitaanza kuiweka akiba upya. Nataka nifike huko, nilishike jiwe."

"Si ulisema haliguswi?"

"Basi nitapanga foleni na watoto," anasema Kissa, akisukuma mlango wa lori ufunge, "nishike hili langu."